Mtoto Kazaliwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Adhana, Jina, Akika na Arobaini

Majibu haya yanafuata zaidi madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya Masunni wengi wa pwani yetu kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja, Pemba na Kilwa. Pale Wamaliki, Wahanafi au Wahanbali wanaposema vingine, na tofauti hiyo ikamgusa mwenye mtoto, imetajwa. Ndugu zetu Maibadhi, Maithnaasheri, Mabohora na Maismaili wana taratibu zao na masheikh wao wa kuwauliza. Msomaji ataona kuwa mambo ya sunna katika kumpokea mtoto ni machache, na mengi hayagharimu hata shilingi. Gharama tumeileta wenyewe.

Mtoto keshatoka. Tuanze na lipi?

Muanze na mama. Apumzike, ale, na asikie neno jema kutoka kwa mumewe kabla ya simu za pongezi kuanza kulia. Kisha mshukuruni Mwenyezi Mungu, mtoto aadhiniwe, afanyiwe tahniki (kupakwa tende kinywani) ikiwezekana, apewe jina. Siku ya saba ichinjwe akika, yaani mnyama wa kuchinjiwa mtoto, anyolewe nywele na itolewe sadaka kwa uzito wake. Hayo ndiyo yote. Mtoto aliyewekwa kwenye oksijeni au kwenye chumba cha joto hatolewi ili aadhiniwe, sunna itamsubiri.

Anayekuja kuhongera aseme lolote la heri. "Hongera, Mungu akukuzieni" linatosha, na ni dua.

Adhana ya sikioni ni lazima?

Si lazima, ni sunna. Msingi wake ni maneno ya Abu Rafi kwamba alimwona Mtume (S.A.W.) akiadhini kwenye sikio la Hasan bin Ali alipozaliwa na bibi Fatima. Wakusanyaji wa hadithi Abu Daud na Tirmidhi wameipokea. Wapo wataalamu wa hadithi walioikosoa kwa sababu katika wapokezi wake yumo Asim bin Ubaidillah, ambaye hifadhi yake ilitiliwa shaka. Pamoja na hayo, wanazuoni wa Kishafii na wengi wengineo wameifanyia kazi kizazi baada ya kizazi. Kukimu, yaani kusoma maneno ya kusimamisha swala, kwenye sikio la kushoto kumetajwa vitabuni vilevile, ila dalili yake ni dhaifu zaidi. Ukiadhini kulia ukakimu kushoto, umefuata waliokutangulia. Ukiacha kukimu, hukupunguza kitu. Sipendi kuona ndugu wawili wakigombana juu ya kitanda cha mzazi kwa jambo hili.

Sauti iwe ya chini. Sikio la mtoto wa saa moja si la kupigiwa adhana ya mnarani.

Mume wangu yuko Maskati. Aadhini kwa simu?

Aadhini aliyepo: babu, mjomba, ami, jirani mwema. Baadhi ya wanazuoni wa Kishafii wamesema hata mwanamke anaweza, kwa kuwa hii ni dhikri ya baraka na si ile adhana ya kuita watu msikitini. Kwa hiyo bibi aliyeingia wodini asione haya kufanya hivyo wakati wanaume wamezuiwa mlangoni. Baba apige simu aone mwanawe, aombe dua, alie kama machozi yanamjia. Lakini mtoto aadhiniwe na mtu aliyemshika.

Waliojifungua kwa operesheni huuliza kama muda umepita, kwa kuwa baba alimpata mtoto baada ya saa nyingi. Haujapita. Kuwahi ni bora, ila kuchelewa hakuharibu.

Tahniki ni nini, na nani anaifanya?

Ni kulainisha tende mpaka iwe kama uji, kisha kupaka kiasi kidogo sana kwenye kaakaa la mtoto kwa ncha ya kidole, pamoja na kumwombea baraka. Abu Musa al-Ash'ari amesema alizaliwa mtoto wake wa kiume akampeleka kwa Mtume (S.A.W.), naye akamwita Ibrahim, akamfanyia tahniki kwa tende na kumwombea baraka. Asma binti Abubakar alihama Makka akiwa na mimba pevu, akajifungua Quba nje kidogo ya Madina, na kitu cha kwanza kuingia tumboni mwa mwanawe Abdullah bin Zubeir kilikuwa mate ya Mtume yaliyochanganyika na tende. Hadithi zote mbili zimo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim.

Mtume hayupo nasi, kwa hiyo wazee wetu walimtafuta mtu mwema: babu mcha Mungu, mwalimu wa madrasa, bibi anayejulikana kwa ibada. Mama au baba pia anatosha. Jambo la kuangalia ni afya. Tende haina ulazima wa kutafunwa na mtu. Inaweza kupondwa kwa kijiko safi na matone ya maziwa ya mama. Anayekohoa, mwenye vidonda mdomoni au mwenye maradhi ya kuambukiza asitafune kwa ajili ya mtoto. Mikono ioshwe kwa sabuni na kucha zikatwe. Kinachopakwa kiwe kama alama tu, kisiwe tonge. Mtoto njiti aulizwe daktari wake kwanza.

Hatuna tende. Asali inafaa?

Vitabu vya fiqhi vinasema tende kavu au mbichi ikikosekana itumike kitu kitamu, na asali imetajwa. Hata hivyo madaktari wanakataza asali kwa mtoto asiyetimiza mwaka 1, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto mchanga. Sheria haikuamrishi utumie asali, na inakukataza kujidhuru, basi iacheni. Tende siku hizi zinauzwa hata maduka ya vijijini. Zikikosekana kabisa, mwombeeni dua na mumpe ziwa la mama. Dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, yasimwagwe kwa imani kwamba ni machafu. Hayo ndiyo kinga yake ya kwanza.

Jina litolewe siku ya kwanza au ya saba?

Zote mbili zimethibiti. Mama yake Maryam alisema, kama ilivyo katika Sura ya Al Imran, "Nami nimemwita Maryam," pale pale alipomzaa. Mtume (S.A.W.) aliwaambia masahaba kuwa usiku huo amezaliwa mtoto wake na amempa jina la baba yake Ibrahim. Kwa upande mwingine, hadithi ya Samura bin Jundub inataja siku ya saba kuwa ndiyo ya kuchinjiwa, kunyolewa na kupewa jina. Kama mmekwisha kubaliana, mwiteni leo. Kama bado mnavutana, mna wiki.

Ushauri mmoja wa kiofisi: msimwache mtoto aandikwe hospitali "mtoto wa fulani" halafu mkasahau. Tanzania Bara, kizazi kinatakiwa kusajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndani ya siku 90, na anayechelewa hukutana na ada na maswali zaidi. Jina mtakaloliandika huko, na namna mnavyoliandika, ndilo atakalokwenda nalo shule na kwenye pasipoti. Amueni mapema kama ni Hadija au Khadija.

Lazima jina liwe la Kiarabu?

Hapana. Linalotakiwa ni maana njema. Mtume (S.A.W.) amesema majina yanayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdurrahman. Majina ya Mitume na masahaba, wanaume kwa wanawake, yana heshima yake. Lakini Zawadi, Subira, Furaha, Tumaini na Neema hayana ubaya wowote. Vivyo hivyo majina ya wakati aliozaliwa mtoto: Juma, Khamis, Rajabu, Shabani, Ramadhani, Mwanaidi, Mwanajuma, Chausiku. Mosi, Pili na Tatu yamebeba watu wema wasiohesabika.

Tatizo liko kwenye majina yaliyotokana na uchungu wa wazazi: Shida, Tabu, Mashaka, Siwatu. Mama kagombana na mawifi, mtoto akapewa ugomvi aubebe maisha yake yote. Mtume (S.A.W.) alikuwa akibadilisha majina ya namna hiyo. Binti aliyeitwa Asiya, yaani muasi (si lile jina la mke wa Firauni, ambalo huandikwa kwa herufi nyingine na ni jina jema), alimwita Jamila. Babu yake Said bin Musayyib aliitwa Hazn, yaani mgumu au mkavu. Mtume akataka kumwita Sahl, mwepesi, naye akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake. Said mwenyewe alisema ule ugumu haukututoka tena katika ukoo wetu. Bukhari ameisimulia.

Yanayokatazwa kabisa ni yale yanayomfanya mtu mja wa asiye Mungu, mfano Abdulkaaba, na majina yanayomhusu Mwenyezi Mungu peke yake, kama Ar-Rahman bila "Abdu" mbele yake.

Nimesikia jina Baraka limekatazwa. Ni kweli?

Muslim amepokea kutoka kwa Jabir kwamba Mtume (S.A.W.) alitaka kukataza majina kama Baraka, Aflah, Yasar na Nafi, kisha akanyamaza, akafariki bila kuyakataza. Sababu iliyotajwa kwa baadhi ya majina ya aina hiyo ni kwamba mtu huuliza, "Yupo fulani?" akajibiwa, "Hayupo," ikawa kama kusema hakuna baraka wala faida nyumbani. Kuna hadithi nyingine yenye katazo la majina manne ya aina hii, na wanazuoni wameichukulia kuwa ni karaha ndogo, si haramu. Mlezi wa Mtume, Ummu Ayman, jina lake lilikuwa Baraka, naye hakumbadilishia. Wenye watoto walioitwa Baraka walale usingizi.

Bibi anataka somo wake, mama ana jina lake moyoni. Nani mwenye haki?

Baba ndiye mwenye neno la mwisho kisheria wanapotofautiana, na baba mwenye busara hulitumia neno hilo baada ya kumsikiliza aliyebeba mimba miezi 9. Majina ya pili yapo. Bibi hukosi pa kumweka.

Siku ya saba inahesabiwaje? Mtoto wetu kazaliwa Jumatano.

Kwa Washafii, siku aliyozaliwa inahesabiwa kuwa ya kwanza katika akika. Aliyezaliwa Jumatano mchana, siku yake ya saba ni Jumanne. Njia rahisi: ni siku moja kabla ya ile aliyozaliwa, wiki inayofuata. Akizaliwa baada ya jua kuchwa, hesabu inaanza na mchana unaofuata. Aliyezaliwa Jumatano saa 3 usiku, yaani usiku wa kuamkia Alhamisi, siku yake ya kwanza ni Alhamisi na ya saba ni Jumatano. Wamaliki hawaihesabu siku ya kuzaliwa kama alfajiri ilikwisha pita, kwa hiyo ukiona jirani kachinja siku moja baada yako msianze kuitana wazushi.

Siku ya saba ikikupita, wanazuoni wengi wamependekeza ya 14, kisha ya 21. Baada ya hapo siku yoyote ni sawa mpaka mtoto abaleghe.

Ni kweli mbuzi wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana? Na nikiwa na uwezo wa mmoja tu?

Ni kweli, kwa hadithi ya Ummu Kurz, nayo ndiyo kauli ya Washafii na Wahanbali. Mbuzi akiwa dume au jike haidhuru. Lakini kwa mvulana mmoja pia anatosha na sunna imepatikana, kwani imepokewa na Ibn Abbas kwamba Mtume (S.A.W.) alimchinjia Hasan kondoo mmoja na Husein kondoo mmoja. Imam Malik yeye anasema ni mmoja kwa kila mtoto, awe wa kike au wa kiume. Kwa hiyo usiuze cherehani ya mkeo ili umpate mbuzi wa pili.

Watu huuliza kwa unyonge kwa nini binti ana mmoja, na wengine, Mungu awasamehe, hununa wakiambiwa ni binti. Qurani katika Sura ya An-Nahl imemsema vibaya mtu ambaye uso wake husawijika apewapo habari ya mtoto wa kike. Na katika Sura ya Ash-Shura, Mwenyezi Mungu alipotaja kutunuku watoto ametanguliza wa kike. Nyumba inayopika pilau kwa mvulana na kunyamaza kwa msichana ina ugonjwa, na ugonjwa huo hauna asili katika dini.

Sina uwezo hata wa mbuzi mmoja. Mtoto wangu atabaki "rehani"?

Swali hili linatoka kwenye hadithi ya Samura: kila mtoto amewekwa rehani kwa akika yake. Imam Ahmad aliifasiri kwamba mtoto akifa mdogo bila akika hawaombei wazazi wake shafaa. Wengine wakaifasiri vingine. Katika fasiri zao hakuna inayosema mtoto wa maskini atapata balaa. Akika ni sunna iliyokokotezwa, na Wahanafi wameipa daraja ya chini zaidi ya hapo. Washafii wanasema anayetakiwa kuifanya ni mlezi aliyepata uwezo kabla ya kwisha muda mrefu zaidi wa nifasi (damu ya baada ya kuzaa), yaani siku 60. Aliyepata uwezo baada ya hapo hadaiwi, akipenda atafanya. Gharama ni ya anayewajibika kumlisha mtoto, wala haitolewi katika mali ya mtoto mwenyewe. Babu akijitolea ni vizuri, kwani hao Hasan na Husein walichinjiwa na babu yao.

Kukopa ili ukodi turubai, viti na wapishi wa watu 200, hiyo si akika tena. Hilo ni deni lenye harufu ya pilau.

Mnyama awe wa namna gani? Tuna mapacha, na Idi ya kuchinja imekaribia.

Masharti ni yale yale ya udhiya, mnyama wa Idi ya kuchinja. Kwa Washafii mbuzi awe ametimiza miaka 2, na kondoo mwaka 1 au awe ameng'oka meno ya mbele kabla ya hapo. Ng'ombe miaka 2, ngamia miaka 5. Wahanafi na Wahanbali wanamkubali mbuzi wa mwaka 1, jambo linalowasaidia wengi mnadani. Asiwe chongo, kiwete, mgonjwa wa dhahiri wala aliyekonda akabaki mifupa. Kuku hafai, hata wakiwa kumi.

Mapacha kila mmoja ana akika yake. Mbuzi mmoja hagawanywi kwa wawili. Ng'ombe anabeba hisa 7, na kwa Washafii hisa hizo zinaweza kuwa akika za watoto mbalimbali. Ama kunuia mnyama mmoja awe udhiya na akika, Washafii wenyewe wamegawanyika: Ibn Hajar al-Haitami hakukubali, Ramli akaruhusu. Mwenye uwezo awatenganishe, asiye nao achukue kauli ya Ramli.

Nyama tuigawe mbichi au tuipike?

Hapa ndipo akika inapotofautiana na udhiya. Sunna yake ni kupikwa, na Washafii wamependekeza ipikwe na kitu kitamu kwa kumtakia mtoto tabia tamu. Tena wamesema kuwapelekea maskini chakula walipo ni bora kuliko kuwaita nyumbani kwako. Nalitilia mkazo hili kwa sababu mambo yetu yamekwenda kinyume: tunawaita wenye magari, na yule mjane wa nyumba ya tatu anasikia harufu tu. Sahani tano zilizofunikwa na kupelekwa na watoto mtaani ziko karibu zaidi na sunna kuliko ukumbi.

Nyinyi wenyewe mnaruhusiwa kula na kuwapa jamaa. Ngozi haiuzwi, wala mchinjaji halipwi kwa ngozi au nyama. Mlipe ujira wake, kisha ukitaka umpe nyama kama zawadi. Jirani asiye Muislamu, Imam Nawawi ameona yafaa kumpa katika ile ya sunna, na Wahanbali wanaruhusu, ingawa baadhi ya Washafii wa baadaye wamekaza.

Mifupa, ni bora isivunjwe. Nyama ikatwe kwenye maungio, kwa kutumainia salama ya viungo vya mtoto. Mwambieni mwenye shoka mapema, maana wao wamezoea kukata vya pilau. Ikivunjika hakuna dhambi, na Imam Malik hakuona ubaya tangu awali. Paja la kulia la nyuma wamependekeza apewe mkunga, nalo hupewa likiwa bichi. Zamani bibi mkunga alikuwa mtaani na alijua haki yake. Leo mzazi kahudumiwa na manesi wa zamu mbili tofauti, paja limekosa mwenyewe. Mkimpata aliyemshika mkono mama usiku ule, mpelekeeni.

Niko Uingereza. Nitume pesa wachinje nyumbani, au nitoe pesa tu kwa mayatima?

Kutuma pesa ili achinje mtu mwingine kwa niaba yako inafaa. Huyo ni wakala wako. Mpe jina la mtoto na nia, na umchague mtu utakayemwamini bila kudai picha kumi za mbuzi. Ukifanya hivyo, jamaa wa nyumbani wanamjua mtoto wako kabla hawajamwona, na maskini wa huko wanakula. Ukiweza, uwe na chochote cha kuwalisha majirani wa ulipo pia.

Kutoa pesa bila kuchinja ni sadaka njema yenye thawabu zake, ila haiitwi akika. Akika ni damu kumwagika kwa ajili ya mtoto.

Nywele za mtoto wa kike nazo zinanyolewa?

Kwa Washafii na Wamaliki, ndiyo. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba bibi Fatima alipima nywele za Hasan, Husein, Zainab na Ummu Kulthum akatoa sadaka ya fedha kwa uzito wake. Wahanbali wameona ni kwa wavulana tu.

Kunyoa kuwe baada ya kuchinja, siku ile ile. Nywele zikusanywe kwenye karatasi zipelekwe kwa sonara, kwa kuwa mizani ya dukani haiwezi kuzisoma. Zikiwa gramu 1, toa thamani ya gramu 1 ya fedha siku hiyo. Ni kiasi kidogo mno ambacho hata mvuvi hawezi kushindwa. Kwa kweli ndiyo sunna rahisi kuliko zote za siku ya saba, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mama aliyekataa mwanawe asiguswe na wembe anaweza kukisia uzito na kutoa sadaka yake.

Utosi wa mtoto bado ni laini. Atumike mtu mwenye mkono mtulivu na wembe mpya. Msiache kishungi utosini na kunyoa pembeni, kwani Mtume (S.A.W.) amekataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha nyingine. Wakati wa ujahilia watu walimpaka mtoto damu ya mnyama kichwani. Uislamu ukaleta zafarani mahali pake. Nywele zifukiwe mahali safi.

Bila maulidi akika imekamilika?

Imekamilika. Akika inatimia kwa kuchinja na nia. Maulidi, kasida na dufu ni mila ya pwani yetu ya kumshukuru Mungu na kumswalia Mtume, na masheikh wakubwa wa Kishafii wa Afrika Mashariki wameisimamia. Wapo pia wanaoikataa. Usomewe au usisomewe, mtoto ni yule yule. Linalokera ni kumwona mtu kaahirisha akika miezi sita akisubiri pesa za jukwaa.

Wanja, hirizi, ubani, dege: tufanye nini?

Kinga iliyothibiti ni ile ambayo Mtume (S.A.W.) aliwakingia Hasan na Husein, akasema Ibrahim aliwakingia kwayo Ismail na Is-haka: "U'idhukuma bikalimatillahit-tammah, min kulli shaitanin wa hammah, wa min kulli ainin lammah." Maana yake: nawakinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia, na kila shetani na kila mdudu wa sumu, na kila jicho lenye kudhuru. Akiwa mvulana mmoja sema "U'idhuka", msichana "U'idhuki". Somea na Kul huwallahu, Falaki na Nasi, umpulizie. Haina malipo na haihitaji mganga.

Hirizi, wanazuoni wengi wameikataza kwa hadithi za kukemea kutundika talasimu. Waliolegeza wameruhusu Qurani tupu. Iwe iwavyo, kamba shingoni mwa mtoto mchanga inaweza kumnyonga usingizini. Wanja wa sokoni mara nyingine una madini ya risasi yanayodhuru ubongo, na moshi wa ubani kwenye chumba kilichofungwa unambana kifua. Fukiza ukumbini, mlango wazi. Mtoto akishikwa na degedege, huyo ana homa au maradhi mengine ya hatari. Hospitali kwanza, kisomo njiani.

Arobaini ina uzito gani katika dini?

Kama mapumziko ya mzazi, ni mila nzuri: uji wa pilipili manga, kukandwa kwa maji ya moto, kupokewa kazi za jikoni. Wanaoifupisha kwa kujifanya wa kisasa wanawaonea wake zao. Kosa liko kwenye ibada. Wanawake wengi wamefundishwa kuwa hawaswali mpaka siku ya 40, hata damu ikikatika siku ya 18. Sivyo. Nifasi haina kiwango cha chini. Damu ikikatika ukajiona safi, oga, swali, funga ikiwa ni Ramadhani, na unyumba unakuwa halali mwili ukiwa tayari. Na ikiendelea baada ya siku 40, kwa Washafii bado ni nifasi hadi siku 60, ingawa kwa kawaida huisha kwa 40. Wahanafi na Wahanbali wanaishia siku 40. Swala za nifasi hazilipwi; funga zinalipwa.

Mtoto kutotolewa nje hadi arobaini hakuna asili ya kisheria. Kliniki haingoji: mama na mtoto wanatakiwa kuonwa katika wiki ya kwanza, na chanjo za wiki 6 zina siku yake.

Tohara je?

Kwa Washafii ni wajibu kwa mwanamume, na kumtahiri akiwa mdogo ni bora. Siku ya saba imependekezwa kama mtoto ana afya. Siku za jando la porini zimepita. Apelekwe kwa aliyesomea. Mwenye manjano au uzito mdogo asubiriwe.

Mtoto wetu alifariki siku ya tatu.

Poleni, Mungu awape subira na amfanye kitangulizi chenu. Kwa Washafii bado inapendekezwa kumchinjia, na jina apewe. Aliyezaliwa akiwa amekwisha kufa hana akika, lakini kumpa jina ni vizuri.

Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anafanyiwa akika?

Ndiyo. Yeye hana dhambi yoyote. Wanaofanya ni mama yake au jamaa wanaomlisha, na inaweza kufanywa kimya kimya kuwastahi. Adhana, tahniki, jina zuri, nywele, vyote ni haki yake kama mtoto mwingine.

Mimi ni mtu mzima, sikufanyiwa. Na baba yangu kafariki naye hakufanyiwa.

Ukibaleghe jukumu limemtoka mzazi wako, na Washafii wamesema waweza kujichinjia mwenyewe ukipenda. Mchinjie kwanza mwanao kama naye hajafanyiwa, kisha ujifikirie. Baba aliyefariki akiwa mtu mzima hadaiwi akika na nyinyi hamdaiwi kumfanyia. Mkitaka afikiwe na heri, lipeni madeni yake, mumwombee, mchinje na kulisha watu kwa nia ya sadaka yake, au mchimbe kisima kwa jina lake.